Fundi wa Vitanda na Tiketi ya Jidda

Kabla hajaitikia salamu yako sawasawa, alikuwa ameshakupima. Hakupima urefu wala unene; alipima unavyolala. Macho yake yalianzia mabegani, yakashuka kiunoni, yakamalizia kwenye visigino, ndipo akasema, "Marahaba, mjukuu wangu. Wewe unalalia ubavu wa kulia, na mto wako umejaa mno." Mimi ni msichana wa haya, hata kuulizwa jina langu mbele ya watu hunipa taabu, sembuse kuelezwa habari za mto wangu. Lakini alikuwa amesema kweli. Jioni ile nilitoa usufi mwingi katika ule mto, na shingo ikaacha kuniuma.

Msambweni tulimwita Fundi, basi. Mafundi wengine walikuwapo, wa baiskeli, wa cherehani, wa kuezeka makuti, lakini hao ilikuwa lazima uwataje na kazi zao. Ukisema Fundi peke yake, ni huyu jirani yetu aliyewamba vitanda.

Sisi tunaosoma mjini na kulala kwenye vitanda vya chuma vya bweni tunadhani kitanda ni mbao na miguu. Kwake yeye mbao zilikuwa kisingizio cha kushikia kamba. Kamba zilisukwa na mkewe, ambaye watoto wote wa mtaani tulimwita Bibi, na zilipokuwa tayari Fundi alizilowesha, akazipitisha huku na huku, akikanyaga fremu na kuvuta mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Kila kitanda alikivuta kwa mwenyewe. Cha mtu mnene alikibana katikati. Cha mama mjamzito alikilegeza kidogo upande wa miguu. Cha bwana harusi hakusema alikifanyaje, ila wanawake walicheka.

Akimaliza, alijilaza juu yake pale pale barazani, kofia usoni, mikono kifuani kama maiti. Wapita njia walimzoea. Mgeni mmoja kutoka Taru, mfanyabiashara wa mbuzi, alipita siku moja akamkuta hivyo, akavua kofia na kumpa Bibi pole ya msiba. Bibi akaipokea kwa adabu zote, akamwambia mazishi ni baada ya alasiri. Fundi chini ya kofia yake akasema, "Waambie wangoje, upande huu bado umelegea."

Alikuwa na misemo yake, na alikuwa hairudii mara nyingi, ndiyo maana niliikumbuka. "Kitanda usikisifu usiku, msifu asubuhi aliyekilalia." Mwingine ulikuwa, "Mgongo hauna adabu." Huu aliusema akijihusu mwenyewe, maana mtu huyu aliyewalaza watu wa Msambweni wote na nusu ya Kinondo, yeye mwenyewe alilala chini, juu ya mkeka. Mgongo wake ulikuwa mbovu tangu zamani. Ukiuweka kitandani unalia, ukiuketisha kitini kwa muda mrefu unalia zaidi. Watu walimtania kwamba mganga hajigangi. Yeye alijibu kwamba mganga akijiganga, wagonjwa watamwona lini?

Sifa hakuzipenda. Mzungu mmoja mwenye nyumba ufukweni Diani alimwagizia kitanda, mtu mrefu kama mwanzi, na Fundi akamlaza mchangani, akachora mstari kumzunguka kwa kijiti, akaondoka zake. Kitanda kilipofika, kimebebwa na vijana wawili kichwani njia nzima, yule mzungu alikilalia na kukisifu sana, na akaja mwenyewe Msambweni kukisifu tena. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia kwa upole kwamba mguu wake mmoja ni mfupi kuliko mwenziwe, na kama halijui hilo, basi si kitanda kilichokuwa kinamuumiza, ni viatu. Hakusifiwa tena.

Na pamoja na ukali huo, sikumwona hata siku moja akimtoza mtu kitanda cha mtoto mchanga. Alikiacha mlangoni alfajiri, akapita zake, na ukimshukuru anauliza, kitanda gani?

Alikuwa mwoga wa kivuko cha Likoni. Nasema haya kwa sababu yeye mwenyewe hakuyaficha. Akivuka kwenda mjini alisimama katikati kabisa, ameshika kitu chochote kilichokaribu, mara nyingi mtu. Kumbe mtu huyu huyu wa kuogopa maji membamba kiasi kile ndiye aliyeamua kuruka kwa ndege mpaka Jidda.

Nieleze kwa nini, maana hapa ndipo penye moyo wake.

Nia ya Hija alikuwa nayo tangu ujana, kama wengi. Lakini alikuwa pia na umbu lake, dada yake mdogo, mmoja tu, aliyeolewa na mfanyabiashara wa Adeni na kuondoka hapa kabla mama yangu hajaolewa. Tangu siku ile hawajaonana. Salamu zilikuja na wasafiri: hajambo, amejifungua, amehama nyumba, anakusalimu. Fundi alizipokea akiwa amesimama, hata kama alikuwa anakula. Kwa mambo mengine yote ungeweza kumtania, mgongo wake, uoga wake, mkeka wake; kwa hilo, la.

Mwaka ule aliuza minazi yake ya Kinondo, na fedha iliyopatikana ilitosha yeye na Bibi kwenda safari moja na kurudi. Moja. Meli ingekuwa rahisi, lakini mahujaji wa meli hulala juu ya sitaha ya chuma, na Bibi alisema, "Nitamfikisha Jidda amekunjwa kama jamvi, nao wataniuliza nimeleta mzigo gani." Basi ikabaki ndege. Fundi akavuka kivuko, akaenda kwenye ofisi ya tiketi mjini, akauliza bei ya tiketi ya Jidda. Akaambiwa. Akauliza bei ya tiketi ya Adeni. Akaambiwa. Akarudi nyumbani, akakaa.

Hizo zilikuwa siku za likizo yetu ya Aprili, na mimi nilikuwa nikishinda na Bibi nikimshikia kamba. Nilimsikia Fundi akimwambia baba yangu barazani:

"Nikienda Adeni bila kwenda Makka, nitamwambia nini Mola wangu? Na nikienda Makka, hiyo ndege wanasema inashuka Adeni kunywa mafuta. Nitakaa ndani, umbu langu yuko mtaa wa pili, ndege inakunywa mafuta. Nitamwambia nini mama yetu, tukikutana ahera?"

"Si ushuke," Baba akasema.

"Basi la Likoni ukishuka Waa kumjulia mtu hali, nauli yako imekwisha. Likija jingine unalipa upya."

Ni kweli, ndivyo basi lilivyo. Wala hakuna kati yetu aliyefikiri kwamba ndege ingekuwa na sheria nyingine. Chombo ni chombo.

Akachagua Makka. Alisema ameridhika, na nadhani alikuwa ameridhika kwa akili, ila wiki ile aliwamba kitanda cha mtu akakifumua mara tatu.

Likabaki suala la mgongo. Karani wa ofisi alikuwa amemweleza kwamba ndani ya ndege mtu anakaa kwenye kiti chenye mto, kiti kinachoegemea nyuma kidogo, saa nyingi, na hakuna pa kutandika mkeka. Fundi hakuwa mtu wa kuamini kitu ambacho hakukijaribu. Akaazima kiti cha baba yangu cha kuegemea, akakiweka uani kwake chini ya jua la mchana, akaketi baada ya sala ya adhuhuri, akatangaza kwamba hatainuka mpaka afike Adeni.

Habari hii ilisambaa upesi. Muuza nyama, ambaye duka lake linatazama ua wao, aliacha kisu chake akaja kuegemea ua.

"Fundi, mmefika wapi?"

"Tunapita Malindi."

"Bado? Basi la Likoni lingeshafika na kurudi."

"Rubani ni mgeni, anauliza njia."

"Na mbona abiria ni mmoja?"

"Wengine waliuziwa nyama na wewe, wako hospitali."

Bibi akatoka na sinia, akaiweka juu ya mapaja yake kama alivyosikia kwamba hufanywa huko juu. "Abiria, kula."

Fundi akafunua kawa. "Mhogo? Karani alisema kuku."

"Kuku yuko daraja la kwanza."

Mimi nilikuwa nyuma ya mlango nikicheka ndani ya leso, na nilitamani mchana ule usiishe. Lakini kabla ya adhana ya alasiri Fundi aliacha kujibu matani. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Muuza nyama akauliza wako wapi sasa, na safari hii hakujibiwa, akaelewa, akaingia uani bila kuitwa. Yeye na baba yangu walimwinua kwa kumshika makwapa, wakamlaza mkekani. Hakuwa amefika hata Mogadishu.

Bibi alikaa karibu yake akimkanda, na akasema kwa sauti ya kawaida tu, kana kwamba anazungumzia chumvi, "Huyu Jidda hafiki kwa mkupuo mmoja. Itabidi ashuke njiani alale, ainuke, ashuke tena alale."

"Akishuka nauli imekwisha," Baba akamkumbusha.

Mama yangu, aliyekuwa mlangoni, akauliza, "Mmeuliza?"

Wakatazamana. Hawakuwa wameuliza. Fundi alikwenda kule kama mtu anayenunua, si kama mtu anayeuliza. Ametaka bei mbili, amepewa bei mbili.

"Mtoto anarudi shuleni Jumatatu," Mama akasema. "Atapita hapo ofisini na babake. Yeye amezoea makaratasi."

Sikulala vizuri. Kwenda kusimama mbele ya karani nisiyemjua na kuuliza habari za mgongo wa mtu mzima! Fundi aliiona haya yangu, na asubuhi ya kuondoka aliniita, akanipa kamba. Ilikuwa kamba nyembamba ya ukindu, imefungwa mafundo. Hivyo ndivyo alivyofanya kazi zake zote. Kitanda cha mtu alikihifadhi kwa mafundo, hapa bega, hapa nyonga, hapa kisigino, na ukirudi baada ya miaka anachukua kamba yako ukutani.

"Huu mwisho ni Mombasa," akasema. "Fundo la kwanza Mogadishu, nalala. La pili Adeni, nalala. La tatu Jidda. Umbali ni kwa kukisia tu. Ukishindwa kusema, mwonyeshe."

Nilishindwa kusema. Karani, kijana wa Kigoa mwenye nywele za mafuta, aliniuliza haja yangu mara mbili, na mimi ndani ya buibui langu nikaona ulimi umekuwa mzito. Baba alikuwa nje akilinda sanduku langu. Basi nikaitoa ile kamba, nikainyoosha juu ya meza yake.

Hakucheka. Mpaka leo namwombea heri kwa hilo. Akainama akaitazama, akaweka kidole kwenye fundo la pili. "Hapa ni wapi?"

"Adeni," nikasema. "Ni mzee, anaumwa mgongo. Anakwenda Hija na mkewe. Anataka kushuka alale. Atalipa tena?"

"Tiketi ya Jidda?"

"Ya Jidda. Kwenda na kurudi."

"Halipi. Alale Mogadishu, alale Adeni, ni juu yake. Mradi anakwenda mbele, harudi nyuma. Ndege ni mara moja kwa wiki, kwa hiyo akishuka angoje ya wiki inayofuata."

Nilikuwa nimeshapata nilichotumwa. Nilianza kuikunja kamba. Ndipo nikakumbuka umbu lake, na nikaliona jambo lote mara moja, jinsi lilivyokuwa wazi na jinsi sisi sote tulivyokuwa hatulioni.

"Na akitaka kukaa Adeni zaidi ya wiki?"

"Akae."

"Mwezi?"

"Tiketi inatumika mwaka mzima, dada. Akitaka akae Adeni mpaka ichoke." Akanitazama. "Kwani ana mtu Adeni?"

Nikasema ndiyo. Nikamwuliza tena, maneno yale yale, kwa kuwa nilijua nyumbani nitaulizwa kama nina hakika. Akanijibu tena maneno yale yale, akanipa na karatasi ya ratiba yenye herufi ndogo kama mbegu za ufuta.

Baba ndiye aliyepeleka habari, pamoja na kamba. Aliniambia baadaye kwamba Fundi alisikiliza, akamwomba arudie. Akaichukua kamba, akalifungua lile fundo la pili, akalifunga upya, kubwa. Halafu akaenda kutawadha ingawa wakati wa sala ulikuwa bado.

Tangu hapo safari ikawa kazi kama kazi zake nyingine. Aliianzia mwisho. Alisema kitanda hukipimi kutoka kichwani, unakipima kutoka visiginoni, kwa kuwa huko ndiko mtu anakozidi. Basi akaanzia siku ya Arafa akarudi nyuma, wiki kwa wiki, fundo kwa fundo, mpaka akafika mlangoni kwake. Njia ya Nairobi ilikuwa ya haraka zaidi, lakini siku hizo za Hali ya Hatari ilitaka vibali juu ya vibali, akaiacha. Mogadishu hakutaka hoteli; alikuwapo Mbarawa mmoja, seremala, aliyewahi kukaa hapa kwetu na kumchongea miguu ya vitanda, naye akaleta jibu kwamba nyumba ni yao. Viti aliomba vya kando ya njia ya katikati, ili mguu upate pa kwenda. Mkeka aliuweka kwenye mizigo, na Bibi akalalamika kwamba anaacha kanga zake kwa sababu ya mkeka.

Walibishana jambo moja tu la kweli. Fundi alitaka akae Adeni wakati wa kwenda. Bibi akakataa.

"Utakaa kwa nduguyo roho juu, unahesabu siku za Hija? Mpitie, tukae naye wiki hiyo moja mpaka ndege ije, umwambie unarudi. Halafu urudi umemaliza jukumu lako, ukae kama mtu."

"Na nikifa Makka?"

"Ukifa Makka utakuwa umeshamwona wiki moja. Tena utakuwa umekufa pazuri."

Akashindwa.

Nilipokuja likizo ya Agosti nilikuta kila kitu kiko tayari, sindano zimechomwa, mikono imevimba na kupona, isipokuwa kimekuja kikwazo ambacho karani wa Kigoa asingeweza kukijua. Ndege ya wiki ile iliangukia siku za nge. Hizo ni siku za kila mwezi ambapo mwezi huwa umekaa kwenye nyota za nge, na wazee wetu hawaanzi jambo ndani yake: si ndoa, si nyumba, si safari. Fundi, aliyewacheka waganga na hirizi, alikuwa hajapata kuanza kitanda katika nge maisha yake yote. Ndege ya wiki iliyofuata ingewafikisha Jidda wamechelewa.

"Ndege haijui nge," Baba akamwambia.

"Ndege haijui. Mimi najua."

Akaenda kwa mwalimu wa chuo cha Kurani, wakakaa kitambo, akarudi na uso mkunjufu. Safari, alisema, si kupanda chombo. Safari ni kutoka nyumbani kwako kwa nia, ukalala kwingine. Mtu akitoka kabla ya nge, nge inamkuta njiani, na aliye njiani haanzi, anaendelea.

Basi wakaaga. Walikwenda nyumba hadi nyumba kuomba radhi, kama ilivyo desturi ya anayekwenda Hija. Kwa muuza nyama nilikuwapo.

"Niwie radhi kwa kila nililokukosea," Fundi akasema.

"Nimekuwia radhi. Na mimi uniwie, hata kwa ile mifupa niliyokupimia kama nyama."

"Mifupa ile nitaitaja Arafa."

"Fundi, usiitaje kwa jina langu."

Kisha wakafunga mlango wao, wakabeba mizigo, wakasafiri. Walisafiri mpaka nyumbani kwetu, ua kwa ua, na wakakaa nasi siku zote za kungojea. Kwao kulionekana kutoka kibarazani petu, hata kuku wao walikuwa wakija kuwatazama, lakini Fundi hakukubali mguu wake ukanyage kule. Bibi alisahau kitana, nikakifuata mimi. Jirani mmoja alimwita kutoka mlangoni pake, anataka kujua kitanda chake kitakwisha lini.

"Usinipigie kelele," Fundi akamjibu. "Mimi niko Mogadishu."

Zilikuwa siku za raha. Mama alipika kama vile tuna arusi. Fundi alilala chini kwenye mkeka wake sebuleni kwetu, na alfajiri nilimsikia akimwamsha Bibi kwa kumwuliza kama ndege bado iko juu.

Walipoondoka kweli, kwa gari la kukodi mpaka kivukoni, umati uliwafuata, na mimi, kwa kuwa sipendi umati, niliaga ndani. Fundi akaniwekea mkono kichwani.

Nilimwona tena likizo ya Desemba. Wageni wa kumpongeza walikuwa wamepungua, tende zilikuwa zimebaki chache sahanini, na maji ya zamzam tulipewa kijiko kimoja kila mtu. Alikuwa amekonda kidogo na ameng'aa. Alikaa barazani kwenye mkeka wake, na Bibi kando yake akisuka.

"Shikamoo, Babu Haji."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kaa."

Walikuwapo watu wawili watatu bado, wakimwuliza Makka, naye akawajibu kwa sauti ya chini, maana habari za Makka hazipigiwi kelele. Muuza nyama akauliza ndege ilikuwaje. Fundi akasema inakwenda vizuri, ila kile kiti kimetengenezwa na mtu ambaye hajawahi kuumwa mgongo. Wakacheka, wakanywa kahawa, wakaondoka. Hakuna aliyeuliza Adeni. Nilingoja mpaka tukabaki sisi watatu.

"Na umbu lako, Babu? Hajambo?"

"Alikuja uwanjani," akasema. "Wiki ile ya kwanza ilipita kama wageni. Tuliporudi kutoka Hija, vile vile. Tunakula vizuri, tunaulizana hali. Na wanawe anasema Kiarabu, na mimi Kiswahili, Kiswahili cha kuchagua maneno, kama anasema na mtu wa serikali. Nikajisemea, nimechelewa."

"Aliniambia twende zetu," Bibi akaongeza.

"Nilimwambia. Halafu nikakiona kitanda walichompa huyu." Akamwonyesha Bibi kwa kidevu. "Kimelegea, aibu. Nikakipindua uani, nikaanza kukikaza. Umbu langu akatokea na sinia ya kahawa. Akasimama. Akaiweka sinia chini, akaketi upande wa pili, akaukanyaga mwisho wa kamba kwa unyayo, vile alivyokuwa akifanya tukiwa wadogo, baba akivuta. Nikavuta. Akanikemea kwa Kidigo chetu cha nyumbani. Akasema, vuta basi, unambembeleza nani?"

Akatabasamu mkekani pale.

"Tangu siku ile," Bibi akasema, "mimi sikupata mtu wa kuzungumza naye. Walifumua vitanda vya nyumba nzima. Wakaenda kwa majirani. Waarabu wa watu wakawa wanalala chini wakingoja zamu. Mimi nikawa mpishi."

"Ulikuwa mpishi mzuri."

"Nyamaza wewe."

Kuku walipita. Fundi akaingiza mkono kifuani, akatoa bahasha ya ofisi ya tiketi, imekunjwa mara nne, ndani yake zile karatasi walizobakishiwa, akaziweka juu ya goti langu.

"Yule karani alisema tiketi ina mwaka mzima."

"Naam, Babu."

"Sisi tumeitumia miezi minne."

"Naam."

"Iliyobaki." Nikaona kwamba mtu huyu pia ana haya, haya nyingi kama zangu. "Iliyobaki ile, umbu langu hawezi kuijia? Nimemwuliza, amesema ikipatikana njia atakuja. Ukirudi shuleni, mwulize karani."

Bibi alikuwa ameacha kusuka. Mimi nilikuwa nimeisoma tiketi ile yote, na herufi zake ndogo, na majina mawili yaliyoandikwa juu yake, ambayo hayabadilishwi. Jibu nilikuwa nalo.

"Nitamwuliza," nikasema. "Nitamwuliza na nauli ya umbu lako mwenyewe ni kiasi gani, kama hiyo haifai."

"Mwulize yote. Na umwambie mgongo wa umbu langu ni mzima," Fundi akasema. "Huyo hana haja ya kushuka popote. Atakuja moja kwa moja."